Mifuko Ndani ya Ntumba

Nimesema uongo mwingi mdogo mdogo maishani, kama kila mtu, na mwingi nimeusahau. Huu wa mifuko sijausahau, kwa sababu mwanzoni haukuwa hata uongo. Ulikuwa ujinga tu, na dawa yake ilikuwa neno moja: sijui. Neno hilo lilinishinda kwa kuwa nilikuwa nimevaa sare.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Sumbawanga, ambayo nilipokuwa mtoto yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, yalijaa ghafla: sabuni za rangi, vitenge, redio, na mifuko ya nailoni. Zamani ulikwenda sokoni na kikapu chako, na chumvi ulifungiwa karatasi ya daftari la mtoto wa mtu, ukawa unasoma hesabu zake alizokosa njia nzima. Mifuko ilipoingia tuliipenda. Watu waliifua na kuianika kwenye ua pamoja na nguo. Kisha ikaja mingi, myepesi, ya bluu na myeusi, ya bure kwa kila fungu la dagaa, na hakuna aliyehangaika kuifua tena. Upepo wa Ufipa hauna adabu. Uliichukua ukaitundika kwenye kila mti na kila ua.

Mimi nilikuwa bibi afya mpya. Kozi ya mwaka mmoja, chumba cha kupanga mtaa wa Izia, na sare niliyoipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mji ulikuwa na trekta moja la taka, na hilo mara nyingi lilikuwa juu ya mawe likisubiri magurudumu. Basi mkuu wangu akaniagiza nizunguke vijiji vya kando ya mji niwafundishe watu kuzika taka zao wenyewe. Hakunipa kitabu chochote, na mimi sikuomba.

Nilianzia kijiji cha Kasense kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye alinilea tangu nikiwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyekusanya akina mama wa jumuiya uani kwake baada ya sala. Aliniwekea kiti. Wenzake wote walikaa kwenye mikeka, hata wale walionizidi umri mara tatu, na mimi nikakaa juu ya kiti. Nilieleza habari za mashimo, za nzi, za kuhara. Yote hayo nilikuwa nayajua. Ndipo mama mmoja akauliza: haya ya maganda tumeyasikia, je, hii mifuko tuifanyeje?

Kwenye kozi yetu hakuna aliyeitaja mifuko. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na ya mama mkubwa yalikuwa yanang'aa.

Lazima nieleze kidogo. Kwetu Ufipa mvua zinapokaribia kwisha tunafyeka majani ya shamba, tunayalundika, tunayafunika kwa mabonge ya udongo, linasimama tuta la duara. Hilo ndilo ntumba. Juu yake tunapanda maharage, na ndani majani yanaoza taratibu. Mvua mpya zikianza tunalibomoa, tunautawanya udongo ule mweusi, tunapanda mahindi au ulezi. Mfipa hanunui mbolea kama ana majani na jembe. Tumelelewa tukijua kwamba kinachoingia ndani ya ntumba hutoka kikiwa udongo.

"Si mnazo ntumba?" nikasema. "Majani yanaoza humo. Wekeni na mifuko, itaoza."

Wakatazamana, wakafurahi. Jibu lilikuwa la kwao, halikutoka mbali. Ni mama mmoja tu, aliyeolewa kutoka Kirando, huko ziwani Tanganyika, aliyeinua mkono.

"Bibi afya, samahani," akasema. "Nyavu za marehemu baba yangu ni za nailoni. Zimeingia ziwani tangu mimi sijavunja ungo, na hazijaoza hata uzi mmoja. Na hii si nailoni hii?"

Nilijua papo hapo kwamba kasema neno la maana. Nami nikamjibu kwa sauti ile ya ofisini, "Ule ni uzi, mama. Hii ni mifuko. Vitu viwili tofauti."

Wakamcheka, na yeye akashusha mkono. Mama mkubwa akapiga makofi akasema, "Mwacheni mtoto aseme, amesoma huyu!"

Nikimkumbuka yule mama wa Kirando alivyovuta khanga yake mabegani, naona aibu hadi leo. Alikuwa ameishi na nailoni maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeishi na pasi.

Mkuu wangu alilipenda wazo. Akaliandika kwenye taarifa yake kwamba ofisi inatumia maarifa ya wenyeji, akanisifu mbele ya wenzangu kwenye chai. Ningeridhika, lakini zile nyavu zilikuwa zimeninasa. Nikaanza kutafuta, kwa siri, maana ningemweleza nani kwamba natafuta jibu la swali nililokwisha kulijibu? Kuuliza si ujinga, wanasema. Kuuliza baada ya kujibu ni ujinga mara mbili.

Kabati la ofisi lilikuwa na waraka wa kipindupindu na mafaili ya vibali vya migahawa. Bwana shamba aliniambia mifuko si zao, kwa hiyo haimhusu. Nikamwendea muuza duka aliyekuwa akiileta kwa marobota. Huyo hakusita hata kidogo: "Inaoza, dada. Mvua moja tu." Nilitaka kumwamini. Nilitembea hadi nyumbani nikimwamini, na nilipofika mlangoni nikawa simwamini tena, kwa kuwa niliitambua sauti yake. Ilikuwa ile ile niliyoitumia Kasense.

Mwisho nilimpata mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari, mtu mpole mwenye chaki kwenye nyusi. Nilimwambia nauliza kwa niaba ya mtu. Hakufungua kitabu. Alichukua jembe, akanipeleka nyuma ya maabara kwenye shimo la taka la zamani lililokwisha kuota majani, akachimba. Chini ya udongo mweusi uliokuwa zamani maganda ya viazi, akavuta mfuko wa bluu. Akaukung'uta. Ulikuwa mzima, na unang'aa.

"Walioutupa humu wameshamaliza shule, wengine wana watoto," akasema. "Hii imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, dada. Mchwa haitaki, nyungunyungu haitaki. Mwambie huyo mtu asiizike shambani."

Huo ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Kasense walikuwa wamemaliza kufukia matuta lakini bado hawajapanda maharage. Kulikuwa na nafasi. Kufukua mifuko ingekuwa kazi ya siku mbili, tatu kwa shamba la mama mkubwa, na mimi nina mikono.

Nilikwenda Jumamosi, kwa miguu, nikijisemea maneno njiani. Nilimkuta shambani na wanawake wanne. Alikuwa anawaonyesha matuta yake, yaliyopangwa mistari mizuri kama kawaida yake, na watu wa mbali kidogo walikuwa wamekuja kuiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnaona? Mwenyewe huyu hapa! Waambie mifuko mingapi kwa tuta moja."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Kiasi tu."

Tukarudi nyumbani, akanipa uji. Aliniuliza kama kuna neno. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena wakati ananisindikiza, pale kwenye njia ya ng'ombe, nikasema nimechoka tu na kazi. Nilipofika Izia nilifua sare yangu, ingawa haikuwa chafu.

Maharage mwaka ule yalidumaa. Mizizi ilishuka ikakuta nailoni, maji yakatuama juu yake kisha yakakauka. Watu walisingizia mvua, na mimi nikaisingizia pamoja nao. Mwezi wa kumi na moja walipobomoa matuta, mifuko ikatoka ilivyoingia. Mama mkubwa aliiokota mmoja mmoja akailundika pembeni ya shamba, akiwa hajui aipeleke wapi. Hakuniita kuniuliza. Nadhani hakutaka kuniaibisha.

Kando ya shamba lake ilikuwa ikipita njia ya ng'ombe wa jirani mmoja, Msukuma aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini miaka michache nyuma. Majani mapya yalikuwa bado, ng'ombe wana njaa, na mifuko ile ilikuwa na harufu yake ya chumvi na dagaa. Baada ya Krismasi ng'ombe wake mmoja wa maziwa, mwenye ndama, akaacha kucheua. Akavimba tumbo. Walimnywesha dawa za kienyeji na za dukani, ikashindikana, wakamchinja kabla hajafa. Walipopasua tumbo likatoka furushi la nailoni kubwa kuliko kichwa cha mtu.

Yule jirani alilibeba furushi lile kwenye beseni hadi kwa balozi wa nyumba kumi, ndama yatima akimfuata nyuma. Nami niliitwa, kama mtaalamu. Nilisimama na sare yangu, beseni likiwa miguuni kwangu, nzi wamelizunguka.

"Mimi sitafuti ugomvi," yule jirani akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nataka kujua tu. Nani aliwaambia mtu anapanda plastiki?"

Balozi akanitazama. Yule mama wa Kirando naye alikuwepo, amekaa nyuma, anatazama chini. Angeweza kusema. Mdomo wangu ulifunguka, nakumbuka vizuri kwamba ulifunguka. Mama mkubwa akaniwahi. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto alituambia tuzike kwenye shimo, mbali. Mimi kwa uzee wangu nikasikia ntumba, nikawapotosha na wenzangu. Jirani, nisamehe. Huyu bibi afya hana kosa."

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyempinga, na wote walikuwepo siku ile nilipokuwa juu ya kiti. Balozi akasema basi, mzee amekiri. Msukuma akamshika mama mkubwa mkono, akamswaga ndama wake, akaondoka. Mimi nikawakumbusha watu kunawa mikono baada ya kushika lile beseni. Ndiyo maneno niliyosema. Nawaambieni ukweli, sikusema mengine.

Miaka ikapita. Nikapanda cheo, nikahamishwa, nikarudi. Mifuko yenyewe serikali ikaja kuipiga marufuku, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozunguka madukani kuikamata, nikihutubia watu kwamba haiozi kamwe. Kasense hawakunipangia, nami sikuomba.

Mama mkubwa alipokuwa hawezi tena kushika jembe nilikuwa nakwenda kukaa naye siku za Jumapili. Siku moja tulikuwa tunaota jua ukutani, mimi namchambulia maharage kwenye ungo, yeye macho yamefifia anatazama upande wa shamba. Akaanza bila utangulizi.

"Ile Jumamosi uliyokuja, kabla hatujapanda. Ulikunywa uji nusu."

Mikono yangu ikasimama kwenye maharage.

"Nimekuwa nikiifikiria," akasema. "Mtu hatembei kutoka Izia kwa miguu aje kunywa uji nusu. Ulikuwa umeshajua, siyo? Ulikuja kuniambia."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameufungua mlango wote, amesimama pembeni, kazi yangu ilikuwa kupita tu. Nywele zangu zenyewe zilikuwa zimeanza mvi. Mkuu wangu wa zamani alikwisha kufa, taarifa zake zimeliwa na mchwa. Hakukuwa na mtu wa kumwogopa.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuja kukusalimia tu."

Akaupapasa mkono wangu juu ya ungo, mpaka akaupata, akaupigapiga kama anavyofanyiwa mtoto aliyeanguka.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ahsante kwa kunisalimia."