Kwenye Kura ya Admini Waliniuliza Mimi ni Mama Nani

“Grupu la kijiji haliwezi kusimamiwa na mtu asiyejua uchungu wa kuzaa.” Hivyo ndivyo alivyoandika Baba Mwangi, mzee wa kanisa letu, mbele ya kijiji kizima, siku tulipokuwa tukichagua maadmini wa grupu letu la simu. Uongo mtupu. Huyu ni mwanamume mwenye ndevu. Uchungu pekee anaoujua ni wa jino, na hata huo alilia mpaka wachuuzi wa soko la Gakindu wakamsikia. Kama kuzaa ndiko akili, basi sungura ndio wangetawala mlima huu.

Ninyi wenye ukurasa huu, ficheni jina langu, lakini msiyapunguze makali maneno yangu. Nina miaka hamsini na mbili. Sijaolewa, sijazaa. Nalima kahawa upande wa Mukurweini na nasoma kila kitabu kinachopita mbele yangu, ndiyo maana watu husema nina mdomo. Grupu hilo nililianzisha mimi, wakati wezi wa kahawa walipokuwa wakituvunjia stoo. Nimelisimamia peke yangu. Nimefukuza waongo, nimefuta picha za aibu, nimewaanika wezi. Watu wakaanza kunong'ona ati nimekuwa mkoloni. Nikasema sawa, tupige kura, tuchague wawili.

Kwetu mtu mzima hatumwiti jina lake. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Basi Baba Mwangi, aliyejipa kazi ya kuongoza kura huku yeye mwenyewe akigombea, akaamua kila mgombea aandikwe hivyo: Mama fulani, Baba fulani. Mimi nikaandika: Mama Wanjiku.

Wanjiku, na hilo si jina lake halisi, ni binti wa kakangu. Alipewa jina la mama yangu mzazi, kama desturi yetu inavyotaka, ndiyo maana tangu akiwa mchanga namwita Maitu, yaani mama. Mama yake alikwenda Ghuba, kwa Waarabu, kufanya kazi za nyumba za watu akamwacha hajaota meno. Kakangu pombe ikammaliza. Mimi ndiye niliyemfunga mgongoni nikichuma kahawa, niliyekesha naye akiugua surua, niliyeitwa shuleni alipopigana. Aliniita mami kabla hajajua neno lingine. Sasa yuko chuo Nyeri mjini. Mama yake alirudi mwaka jana, amenawiri, na masanduku.

Wifi yangu, naye akigombea, hakukawia kujibu: “Ati Mama nani? Mama Wanjiku ni mimi. Niko na kovu ya operesheni. Wewe uko na nini?”

Zile sura za kucheka mpaka machozi zikajaa kwenye simu yangu. Mmoja akaandika, “Muandikeni Mama Kahawa.” Mwingine, “Hapana, Mama Paka, yule anarara na yeye kwa kitanda.” Hao ni watu ambao stoo zao nimezilinda kwa simu hii. Nikangoja mtu mmoja tu aseme inatosha. Badala yake Baba Mwangi akaandika: “Tusibishane. Wanjiku mwenyewe yuko humu ndani. Msichana, tuambie, mama yako ni nani?”

Niliona kwamba anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha. Mwishowe hakuandika neno. Aliweka kidole gumba chini ya maneno ya wifi yangu. Kidole. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimkata kucha za vidole hivyo kwa meno yangu, kwa sababu niliogopa wembe ungemuumiza.

Wifi yangu alishinda, yeye na Baba Mwangi. Nikawapa uadmini kama kura ilivyosema, na kitu cha kwanza walichojaribu ni kunitoa. Wakagundua kwamba mwanzilishi wa grupu hatoleki. Nikawavua uadmini wote wawili, kisha nikazuia kila mtu asiandike isipokuwa mimi. Kijiji kizima kikawa bubu. Nami sikuandika kitu.

Juzi asubuhi Baba Mwangi alisimama langoni kwangu, viatu vimejaa tope. Ng'ombe wake alikuwa ameibiwa usiku, akapakiwa kwenye lori.

“Dada, fungua grupu. Kila mtu akijulisha watu wake huko Sagana saa hii, hiyo lori itashikwa.”

“Dada ni nani? Niite jina.”

“Wacha hiyo mambo. Hiyo ni ng'ombe ya maziwa.”

“Amezaa?”

“Mara tatu.”

“Basi uchungu anaujua. Mngemchagua yeye admini.”

Akavua kofia. “Mama Wanjiku, tafadhari.”

Nilikuwa nimelingoja jina hilo nikidhani litaniponya. Lakini lilitolewa kwa ajili ya ng'ombe. Nikafunga lango. Ng'ombe hajaonekana, na nasikia kwake sasa wajukuu wanakunywa chai bila maziwa.

Wanjiku hajapiga simu. Sijui ananionea aibu au anajionea aibu.

Nikilifungua grupu, watamrudisha wifi yangu kwenye kiti nilichokichonga mimi, akiitwa jina nililolibeba mgongoni. Nisipolifungua, kesho ataibiwa mtu ambaye hakunicheka. Nipeni akili, nichukue njia ipi? Lakini ninyi wa “samehe tu, Mungu anaona”, piteni, sikuwaita. Nawataka ninyi mliolelewa na shangazi, na nyanya, na mwanamke yeyote ambaye hakuwazaa. Kabla hujanishauri lolote, andika jina lake hapa chini, lionekane na maelfu hawa wote.

Hata wewe, Maitu. Najua ukurasa huu unausoma. Kidole gumba sikitaki. Andika.