Senha Ndani ya Kofia

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimezaliwa kwenye ghuba hii ya Tungue, kusini mwa mto Ruvuma, nimeacha shule darasa la tatu, nimeuza petroli ya chupa Namoto mpakani kabla sijaota ndevu, na nimefungua mashini za boti ambazo mafundi wenye vyeti walizikimbia. Vita vimenitoa kwangu mara mbili, na mara mbili nimerudi nikaezeka upya kwa pesa yangu, bila kumpigia mtu magoti. Leo nina nyumba ya bloku, nina sola sita juu ya bati, na ndani nina kompyuta na printa. Mtaani hapa nani mwingine anazo? Nilidhani dunia imeshanionyesha yote iliyo nayo.

Kompyuta sikuinunua kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo na sikatai. Niliinunua kwa ajili ya sauti ya mke wangu.

Aliugua tukiwa ukimbizini Mtwara. Mimi nikawa naenda na kurudi, maana nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa, na watu nao huila. Hatukuandikiana. Mimi kuandika kwangu ni kwa tabu, yeye hakukaa darasani hata siku moja. Tulitumiana sauti kwa simu. Kila asubuhi nilimwuliza jambo lile lile: umekula? Naye hujibu, nimekula, kisha anaendelea na mengine, bei ya muhogo, jirani anayekoroma, mvua iliyowavujia. Miezi kumi na moja hivyo hivyo. Kisha akafa, tukamzika kulekule, na mimi nikavuka Ruvuma na simu mbili mfukoni, yangu na yake. Yake ikaingia maji mtumbwini. Haikuwaka tena.

Binti yetu ni nesi Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa. Idi iliyofuata alikuja, akazitoa sauti zote kwenye simu yangu akazitia kwenye kompyuta. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Simu yenyewe niliifuta nikampa baharia wa boti yangu, kwa kuwa nilishanunua nyingine kubwa zaidi. Ndivyo nilivyo, kilichopitwa sikiweki.

Kila siku baada ya alasiri nilikaa mbele ya kompyuta nikasikiliza sauti moja. Moja tu, ili zisiishe upesi. Ikifika ya mwisho naanza upya.

Binti aliipanga ile kompyuta kama nyumba ya milango miwili. Mlango wa kila siku ulikuwa wazi, naingia, nachapa karatasi, nasikiliza, lakini hauna nguvu ya kubadili kitu. Mlango wa pili ulikuwa wa mkubwa wa mashini, kwa Kireno imeandikwa Administrador, na huo ulikuwa na senha, yaani neno la siri la kufungulia. Kitu chochote kigeni kikitaka kuingia ndani, mashini husimama na kudai ile senha kwanza. Binti aliiandika kwenye kikaratasi, herufi na namba zisizo na maana yoyote, akaniambia nisimwonyeshe mtu. Nikakishona ndani ya kofia yangu. Tena akaniachia diski ndogo ya pembeni yenye waya, sauti zote zimenakiliwa humo. Akasema nikimaliza kunakili nichomoe waya, diski niiweke kabatini. Nikasema sawa.

Basi watu wakaanza kuja. Mji ulikuwa unarudiwa, kila mtu anatafuta karatasi, huyu ya ukazi, huyu ya kuombea kazi kwenye mradi wa gesi. Wanakuja na flashi zao, barazani wanajaa, na mimi naona raha. Lakini mara kwa mara mashini inasimama inadai senha, na mimi mbele ya watu navua kofia, nageuza ndani nje, navaa miwani, nabonyeza herufi moja moja kwa kidole hiki. Jasho lilishafuta nusu ya wino. Siku moja nilikosea mara nne, na mzee mmoja pale barazani akasema, "Kumbe bwana mkubwa kwake naye anapiga hodi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini lilinichoma.

Kwetu mlango wa mchana haufungwi. Anayefunga mchana anakula peke yake, au ana jambo. Nimejenga nyumba hii ili mtu yeyote apite, aone, anywe maji. Iweje mashini niliyoinunua mwenyewe inisimamishe kizingitini? Nikamwita fundi wa simu wa sokoni, nikamwambia aitoe senha na niwe naingia kwa mlango wa mkubwa moja kwa moja. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kukosa hakika tangu nizaliwe. Diski nayo niliiacha imening'inia na waya wake, miezi yote ile. Kuchomoa na kuchomeka ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Binti alijua kwa simu, maana nilijisifu mwenyewe kwamba sasa mambo yanakwenda haraka.

"Baba, umeitoa senha?"

"Mtu hapigi hodi kwake, mwanangu."

"Hodi haikuwa yako, Baba. Ilikuwa ya wageni."

Nikamwambia wageni wangu nawajua wote, na baba zao nawajua. Akasema anaingia zamu.

Siku yenyewe haikuwa na alama yoyote. Alikuja mtu na flashi, anataka kuchapa karatasi ya kazi. Flashi ile ilishapita mikono mingi kabla yake, simlaumu. Nilipofungua, mashini ikauliza swali refu la Kireno. Mimi kwenye maswali yale najua maneno mawili, Sim na Não, ndiyo na hapana, na Sim ndiyo inayopeleka kazi mbele. Nikabonyeza Sim. Zamani pale pale ningevua kofia, na huenda ningechoka, nikamwambia mtu aje kesho. Karatasi yake ikatoka safi, akashukuru, akaenda.

Baada ya alasiri nikakaa kusikiliza. Majina ya sauti yalikuwepo, lakini kila jina limeota mkia wa herufi nisizozijua. Nikabonyeza ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilibonyeza nyingi sana, mpaka likafunguka tangazo jekundu linalodai pesa za kigeni ili sauti zifunguliwe. Nikakumbuka diski. Nikaifungua nayo, ina mikia ile ile.

Fundi wa sokoni alikaa na ile mashini siku mbili. Aliporudi hakutaka kukaa kitini.

"Patrão," akasema, "aliyeingia aliingia kama wewe. Mashini haikuwa na cha kumwuliza."

Nikaibeba mpaka Pemba. Binti alinipeleka kwa fundi aliyesifiwa kuliko wote, akakaa nayo siku tisa, akaturudishia kompyuta nyepesi, safi na tupu. Binti hakunilaumu. Yeye hakuwa na sauti hata moja, alidhani mahali pawili panatosha. Aliuliza tu, "Hata ile ya mvua, Baba?" Nikasema hata ile. Akageukia ukutani. Nami hapo ndipo nilipofikiri kwamba mwenye sauti zile alikuwa mama yake, jambo ambalo katika kuvua na kuvaa kofia kwangu kote halikunipitia akilini.

Ilibaki Namoto. Kule yuko mama mmoja muuza samaki, shoga wa mke wangu, waliokimbia pamoja na kulala chumba kimoja Mtwara. Nilipanda pikipiki nikaenda kumwuliza kama kwenye simu yake imebaki sauti yoyote. Alitafuta muda mrefu, akapata moja. Mke wangu alimtumia siku ambayo yule mama alivuka kuja huku kwa siku chache kabla ya kurudi Mtwara, akijua tutaonana.

"Yule mtu wangu ukimwona mwambie nakula vizuri. Asichoke kuniuliza, lakini mwambie."

Nikasema, afadhali, angalau alikuwa anakula.

Yule mama akaweka simu mapajani. "Shemeji, hakuwa anakula. Wiki za mwisho maji tu. Tulikuwa tunakaa naye kila asubuhi mpaka akusanye pumzi ya kukujibu."

Mia mbili na kumi na nne, na mimi nilikuwa nazisikiliza moja moja nikitosheka.

Nikamwomba anitumie ile moja. Simu yake haikuwa na megas za intaneti, nikamnunulia za meticais hamsini kwenye kibanda cha jirani. Fundi wa sokoni alichukua elfu mbili na mia tano, wa Pemba elfu nane, nauli ya Pemba kwenda na kurudi elfu tatu, pikipiki ya Namoto elfu moja na mia mbili. Ukiongeza hizo hamsini, sauti hiyo moja imenigharimu meticais elfu kumi na nne, mia saba na hamsini.