Karatasi za Mwiko

Mama alitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye siasa: daraja. Mto uliokatiza mtaa wetu wa Kanyosha ulikuwa umelibeba lile la miti, na tangu hapo kwenda kituo cha afya ilikuwa kuteremka bondeni, kukunja kitenge na kupita majini. Mama aliuza mawese mlangoni kwetu. Kutoka pale aliwaona wajawazito wakivushwa mgongoni, mpaka akachoka kuona. Fedha za madaraja zilikuwa mikononi mwa halmashauri ya komini, inayosimamia mitaa mingi, basi Mama akataka kuketi huko.

Ilikuwa mwaka 2005. Vita vilikuwa vimekwisha, au havijaisha, inategemea unamuuliza nani na siku gani. Kundi moja lilikuwa bado milimani, na milio ya risasi tuliisikia tukiwa tunakula. Katika hali hiyo tuliambiwa tuchague madiwani wa komini, kisha wabunge, kisha viongozi wa mtaa, na kila uchaguzi ukawa na namna yake ya kuhesabu. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kwa hiyo pale nyumbani nilionekana msomi, na Mama akaniamuru nimweleze. Sikuelewa kitu.

Chama cha Mama kilikuwa kidogo kiasi kwamba mkutano wake mkuu ulienea sebuleni kwetu, na bado nafasi ikabaki. Alama yake ilikuwa mwiko, na majirani walimtania kwamba ameingia chama cha ugali. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye aliyejaribu kutufungua macho, kwa kutumia sufuria ya maharage iliyokuwa mezani.

“Kuna inchi zingine,” alisema, “mwenye kuwa na watu wengi anabeba sufuria yote. Sisi hapa tutapakua kwa kufuata watu wa kila nyumba. Hata nyumba ndogo inaweza kupata kijiko.”

“Na mi kijiko yangu nitaipata?” Mama akauliza.

“Ukipata watu wenye kutosha kijiko moja. Lakini hawachague jina yako, wanachagua liste, ile orodha ya chama. We uko wa kwanza ku liste. Mwiko ikipata kiti moja, ni yako.”

“Na kama inakosa kidogo?”

Hapo mwalimu akaingia kwenye habari za kugawanya na mabaki, na mimi nikapotea kabisa. Niliitikia kwa kichwa, Mama naye akaitikia kwa kuwa mimi nimeitikia.

Siku ya kupiga kura kila mtu alipewa karatasi moja ya kila chama, pamoja na bahasha. Nyuma ya pazia unaitia karatasi uliyoichagua kwenye bahasha, bahasha unaidumbukiza katika sanduku la kura, na zilizobaki unazitupa kwenye sanduku jeusi. Hilo hata mimi nililielewa. Lakini siku chache kabla, vijana wa chama kimoja kikubwa walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakidai watu wao watoke na karatasi za vyama vingine, ziwe ushahidi kwamba hawakuvichagua. Maneno yale yalipofika upande wetu wa mto yalikuwa yamegeuka: ukimpenda mtu, mletee karatasi yake aione.

Baada ya kupiga kura, wa kwanza kuja kwetu alikuwa bibi kizee wa nyumba ya jirani, ambaye sote tulimwita Nyanya. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ya mwiko, akampa Mama kwa mikono miwili.

“Mama, yako hii. Sikukutupa.”

“Nyanya, na mu bahasha ulitia nini?”

“Apana kitu. Niliifunga muzuri, nikaitia mu sanduku.”

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba bahasha tupu haihesabiwi, Mama akanikata jicho. “We nyamaza. Letea Nyanya chai.” Wakaja wengine, kila mmoja na karatasi yake, wengine wameikunja kwa adabu, wengine wanacheka kwa fahari ya kuwapita walinzi bila kuonekana. Mama aliwapokea wote na kuwashukuru. Walipoondoka alizipanga zile karatasi ndani ya boksi tupu la sabuni, akaketi kando yake, akalia.

Matokeo yalipotoka, mwalimu alikuja akiwa ameishiwa nguvu. Mwiko ulikosa kiti, akasema, na haukukosa kwa mengi. Akatazama lile boksi, akaanza kupiga hesabu kwa midomo, kisha akaacha. Nilimuuliza kama kosa ni la majirani, au ni la vijana wale, au la namna ya kugawa yenyewe. Alisema kwa namna ile nyingine, ya kubeba sufuria nzima, Mama asingethubutu hata kusimama. Sikujua kama hiyo ni faraja.

Miezi michache baadaye tukachagua viongozi wa mtaa. Huko hakuna chama wala liste, ni mtu na jina lake, na wenye kura nyingi ndio wanaoingia. Mama akawa wa kwanza, akiwaacha wengine mbali. Watu walewale, Mama yuleyule! Kwa hesabu moja hakuwa kitu, kwa nyingine hakuna aliyemfikia, na nilizunguka na jambo hilo kichwani siku nyingi bila kupata pa kulitua. Kiongozi wa mtaa anasuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mume na mke. Fedha za madaraja ziko komini.

Mvua ziliporudi, Nyanya aliugua kifua, tukampeleka kituo cha afya. Maji yalifika magotini. Mama alitangulia amemshika mkono, mimi nikiwa nyuma yao.

“Sasa wewe ni chef wa mtaa,” Nyanya alisema katikati ya mto, akihema. “Ile karatasi yangu iko wapi?”

“Iko, Nyanya. Nimeichunga.”

“Basi daraja inakuja.”

Mama hakugeuka kunitazama. “Kanyaga hapa,” akamwambia. “Hapa kuna jiwe.”