Mbao Nyuma ya Mlango

Mama yangu ameshaombolezewa. Waliokuja kumwombolezea walifika asubuhi na kuni, ndoo za maji na sufuria kubwa ya kanisani, wakamkuta sebuleni kwake Lyamkena, mjini Makambako, anakunywa uji. Mwanamke wa kwanza kuingia aliangusha mzigo wake wa kuni kizingitini. Mama alimtazama, akapuliza uji, akamsalimu kwa Kibena, "Kamwene. Nani amekufa?"



Yote yalianzia kwenye nyonga. Mama alikwenda kumtembelea dada yake Lugarawa, akateleza, akavunjika. Alipotoka hospitali alirudi Makambako kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nikachukua likizo kazini Njombe, ambako huandaa vipindi vya redio, nikaja kukaa naye. Tulimwingiza kwa mlango wa nyuma. Wanaume wanne walimbeba pamoja na kiti chake, wakampandisha ngazi kama wanavyopandisha kabati, naye akawa anawaambia, "Msinikwangue rangi." Wale wanaume wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi peke yangu siwezi kumshusha zile ngazi, kwa hiyo tangu siku ile mama hakutoka tena nje.

Mlango wa mbele hauna ngazi. Uko sawa na ardhi ya uwanja, lakini ulikuwa haufunguki. Nyumba ya mama iko njia panda: ndugu wa Njombe akielekea Iringa au Mbeya hushukia hapa, analala, halafu anaacha mzigo. "Niwekee, nitapitia." Mama hajui kukataa. Nyuma ya mlango kulikuwa na magunia, godoro lililofungwa kamba, cherehani isiyo na gurudumu, na masanduku ya binamu aliyehamia Songea. Nyuma ya hayo yote, zikiwa zimeegemea mlango wenyewe na kuvishwa kitenge, zilisimama mbao za jeneza la mama.

Alizichagua mwenyewe. Baba alizikwa kwenye mbao mbichi zilizokuwa bado zinatoa utomvu, na mama hakusahau aibu ile, katika mji ambao malori ya mbao yanapita kila siku. Akaenda kwa wapasuaji akatafuta zake, kavu, nyoofu, zisizo na vifundo. Aliziweka ndani kwa sababu nje zingepinda. Majirani wote walizijua. Mgeni akikaa vizuri, mama humfunulia kitenge azione.

Kabla ya likizo nilikuwa nimeandaa kipindi kuhusu feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba. Mgeni wangu alikuwa mfanyabiashara wa Njombe aliyejifunza mambo hayo huko huko China alikokuwa akifuata bidhaa. Alisema mlango wa mbele ni kinywa cha nyumba. Nguvu ya uhai huingilia hapo, na ukiuziba kwa vitu, nyumba inakosa pumzi na watu wake wanakwama. Alisema uanzie mlangoni, ndipo uende ndani. Kilichovunjika kitengenezwe au kitoke. Chini ya kitanda cha mgonjwa pasiwe na kitu. Nilimrekodi, nikakata sehemu alizokohoa, nikarusha kipindi. Sikuyafikiria tena mpaka nilipokuwa nimeketi na mama katika sebule yenye dirisha moja, mchana, taa imewashwa.

"Mama, tufungue mlango wa mbele."

"Fungua. Nimekushika mkono?"

"Vitu vitoke kwanza."

"Ni vya watu."

"Nitawapigia simu waje wachukue."

"Piga." Alitabasamu akitazama pembeni. "Ndipo utajua kwa nini viko hapa."

Nilipiga. Wote walinishukuru sana kwa kuwatunzia. Mmoja aliuliza kama kuna nafasi ya kitanda.

Lakini mama alikuwa na sababu yake ya kutaka mlango ule. Katika kwaya ya akina mama ana kiti chake, safu ya nyuma, karibu na dirisha. "Jumapili nipeleke," alisema. "Yule mwenye sauti ya debe atakuwa ameshakaa pangu."

Basi nikafanya kwa utaratibu. Magunia, godoro na masanduku nilivihamishia stoo ya jikoni, cherehani ikaenda kwa fundi. Siku ya mwisho niliita wapakiaji wawili kutoka stendi. Tulitoa makochi uwanjani ili nipige deki, tukakunja zulia, tukaacha sebule tupu. Mwisho kabisa tukatoa mbao. Mama mwenyewe alikubali: "Ziegemezeni nje kidogo, kiti kikishapita zirudi." Wapakiaji wakazilaza juu ya viti, kitenge nikakifua na kukianika. Mlango ukafunguka kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nikawalipa wapakiaji wakaenda zao, nami nikaenda nyuma ya nyumba kuchota maji ya deki kwenye bomba linalotoa tone kwa tone.

Mtu wa huku hahitaji kuambiwa kilichofuata. Kwetu makochi yakitolewa nje na sebule ikabaki tupu, maana yake kuna msiba na waombolezaji wanahitaji mahali pa kuketi. Na hapo uwanjani zimelala mbao ambazo mtaa mzima unajua ni za nani, na mwenyewe ni mgonjwa. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni waliona, wakageuka kufuata kuni. Nilisikia kilio cha kwanza nikiwa bombani, nikaanza kukimbia, maana hata mimi niliamini.

Baada ya kuni kuanguka kizingitini, watu walisimama tu. Aliyetuokoa ni jirani yetu mwenye lori la Fuso, Mwislamu kutoka Songea, Mngoni, kwa hiyo mtani wetu sisi Wabena. Aliingia na kofia kichwani na mkeka kwapani, akamwona mama, akatandika mkeka palepale akaketi.

"Bibi, nimeacha gari linapakia viazi. Sirudi bila kula chakula cha msiba."

"Kula ubao," mama akamjibu.

"Ubao wenyewe mwembamba. Ulijipimia zamani, sasa umenenepa. Itabidi tukukunje."

"Wangoni mnajua kukunja mikeka tu."

Wakacheka, mama naye akacheka. Kuni zilikuwepo, maji yalikuwepo, ikapikwa chai, watu wakanywa wakaondoka wakimpa mama pole na hongera kwa pamoja. Walipokwisha kuondoka mama aligeuza kiti, akautazama mlango hadi jioni.

Mjomba, mdogo wake mama, alifika kutoka Mahongole kwa bodaboda, macho mekundu. Alipomkuta dada yake mzima alikasirika kuliko kama angemkuta maiti. Nilipoinua ubao wa kwanza kuurudisha ndani, aliushika upande wa pili.

"Hizi zimetoka na zimeshaliliwa. Huwezi kuzirudisha kwa mtu anayepumua."

"Mjomba, hiyo ni mila ya Wabena au ni yako?"

"Ya leo ni yangu."

Mama alisikia. Aliniagiza turubai la kuzifunika.

Jumapili nilimvalisha kitenge kilekile kilichokuwa kimefunika mbao, kimeshapigwa pasi, nikasukuma kiti. Sebule ilikuwa safi, makochi yamerudi ukutani, mlango wazi, na upande wa kanisani akina mama walikuwa wameanza kuimba. Kwenye kizingiti mama aliishika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Rudisha."

"Mama, njia iko wazi."

"Naiona. Wamenililia kwenye mlango huu. Nikipita hapa nitakuwa nimepita kweli."

"Basi twende wa nyuma."

"Utanibeba wewe?"

Tulibaki hapo, magurudumu ya mbele yakigusa kizingiti, mpaka wimbo ukaisha. Niliweza kuitambua sauti ya debe. Mama naye aliitambua, kwa sababu aliniambia nifunge dirisha.

Likizo yangu imekwisha. Nimeomba nyongeza, na Njombe wanataka kujua ni hadi lini. Yule mfanyabiashara nilimpigia simu. Akaniuliza kama nimeanzia mlangoni, nikamwambia ndiyo, akasema basi nisubiri. Mlango unabaki wazi mchana kutwa. Upepo wa Makambako unaingia, unazunguka sebule, unatoka. Mama anakaa katikati na blanketi magotini, anatazama barabara. Uwanjani mbao ziko chini ya turubai, na mvua zimeanza.

Leo asubuhi ubao wa juu umeanza kupinda. Mama ameniuliza kama turubai linafunika pande zote.