Mkono Unaopita Kifuani

Mke wangu alipokufa sikulia mbele za watu. Kazi yangu ni kukunga leso, kuzishona pindo, Biashara Street, na mchana cherehani ilinisaidia kwa kelele zake. Jioni ndiyo iliyonishinda. Nyumba yetu ya Kuze, Mji wa Kale, ilikuwa kimya hata nikawa naogopa kuweka ufunguo mlangoni. Kwa hivyo nikawa natembea tu. Siku moja mvua ikanishika Tononoka, nikajibanza katika ukumbi wa ndondi, na humo nikakuta watu wazima na ndevu zao wanaruka kamba na kucheka. Kesho yake nilirudi, na mvua haikuwako.

Mwalimu alinipa kamba, kisha akanipa gunia la kupiga. Alisema miguu yangu si mibaya kwa umri wangu. Shida ilikuja tulipoanza kupigana wawili wawili. Mwenzangu alikuwa mpakiaji wa bandarini, mtu wa Kaloleni, Mkristo, mabega kama kabati. Ulingoni, kabla ya kuanza, watu hugusana glavu. Lakini sisi wa Mji wa Kale tukishapeana mkono, mkono haurudi hivi hivi. Hupita kifuani kwanza, ndiyo heshima. Basi kila nikigusa glavu yake, yangu inakwenda kifuani, na uso unabaki wazi kama mlango wa nyumba yenye matanga. Naye hunipiga puani.

"Mzee, waja kupigana ama kuamkua?" mwalimu akaniuliza.

Nilijizoeza dukani. Nilikuwa nikigusa mtumba wa leso kisha nainua mikono upesi usoni, mpaka mama mmoja akamwuliza jirani yangu kama siku hizi niko sawa.

Mwisho mwalimu akachoka. Ukumbi ni mdogo, akasema, glavu ni chache, na watu wangoja nafasi. Atanipa raundi moja. Nikiimaliza wima bila kumgeuzia mwenzangu mgongo, nitabaki. Nikishindwa, nirudi kwangu, na tusiwekeane kinyongo. Hakujua kwamba kurudi kwangu ndiko nilikokuwa nakukimbia.

Kengele ikalia. Tukagusana glavu. Sitadanganya, mkono wangu ulikwenda kifuani. Nikafumba macho kungoja konde, nalo lisije. Nilipofumbua, nikamwona yule pande la mtu naye ameweka glavu yake kifuani, ameinamisha kichwa kwa adabu kabisa. Nilikuwa nimemwambukiza.

"Salama, mzee?" akaniuliza, na kinga ya meno mdomoni.

"Salama," nikajibu, nikampiga.

Lilikuwa konde langu la kwanza kufika. Alishangaa, akacheka, akaanza kunifukuza. Nilizunguka ulingo kama kuku aliyeponyoka siku ya Idi. Alinipata mdomoni, alinipata mbavuni, na kila akinipata tulicheka zaidi, hata kinga yake ya meno ikaruka nje ya kamba. Kengele ya mwisho ilinikuta wima, nimeshika kamba. Mwalimu alikuwa amejiinamia, anafuta machozi, akasema nimepita.

Nikamwambia hapana. Alipokuwa akicheka niligeuza mgongo, mara moja, kule pembeni. Yeye hakuona, lakini niligeuka.

Ukumbi mzima ukanyamaza, na kile kimya nilikijua. Nikaanza kufungua glavu kwa meno.

"Yeye asipokuja, nami siji," mpakiaji akasema. "Huko kwengine nani ataniuliza hali kabla ya kunipiga?"

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akachukua mkono wangu na kuifunga glavu upya. "Kesho saa kumi," akasema. "Na huo mgongo tutaufundisha."

Nilifika nyumbani mdomo umevimba, chai haipiti. Nikakaa nayo mbele yangu, nikacheka peke yangu mpaka ikapoa, na sikuona haya.