Kawa Lako Hilo, Mlango Ule Pale

Mama yetu aliachwa kwa sababu ya wali ulioshika chini. Mimi nilikuwa darasa la tano, mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Baba hakupiga kelele. Alionja tonge moja, akarudisha kawa, kile kifuniko cha ukili, juu ya sahani, akatamka talaka, kisha akaenda kusali adhuhuri. Jioni tulikuwa kwa bibi, Mji Mkongwe, watu watatu na godoro moja.

Basi nilipokuwa mtu mzima na kupata kazi ya kuandika michezo ya kuchekesha ya televisheni, sikuhitaji kufikiri sana nimcheke nani. Nilimtunga mume mjinga, kofia upande, anayeacha wake kama mtu anayetema kokwa za zambarau. Chumvi ikipungua, talaka. Chai ikipoa, talaka. Kila mara husimama, akalinyanyua kawa, akalitupa sakafuni na kusema: “Talaka zako tatu, kawa lako hilo, mlango ule pale!” Mwisho wa kila kipindi alibaki peke yake, anatafuna mkate mkavu na kuzungumza na paka. Nilidhani paka yule anatosha. Mwanamume mwenye akili, nilijiambia, atajiona mle ndani na kuingiwa na haya.

Haya gani? Walimpenda. Pale Darajani, ukimpa muuza samaki bei asiyoitaka, anakujibu, “Kawa lako hilo!” Watoto wa chuo cha Kurani walirushiana maneno yale njia nzima. Mwigizaji wangu akawa anaalikwa harusini ayatamke mbele ya bibi harusi, na wanawake wanapiga vigelegele. Siku moja bibi mmoja alinishika mkono sokoni akanambia, “Mwanangu, yule mume wako wa kwenye tivii, mwanamume hasa yule. Wanawake wa sasa wamezidi.” Nikamwambia, “Bi mkubwa, yule mjinga, sisi twamcheka.” Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sikuuelewa mchezo.

Nilikasirika, ndiyo. Lakini nisijitie utakatifu: nilivimba kichwa pia. Kuyasikia maneno yako midomoni mwa watu usiowajua kuna utamu wake, na utamu ule ulinizidi.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Jambiani. Yeye alilima mwani, mumewe alikuwa seremala. Wakipendana mpaka watu wanawasema. Maji ya bahari yakipwa, shemeji huacha randa yake akaenda pwani kumbebea mkewe magunia ya mwani, na wenzake humtania kwamba amekalishwa na mkewe. Yeye hucheka tu. Nilipowatazama wale wawili, nilikuwa nasema moyoni kwamba angalau mmoja katika nyumba yetu amesalimika.

Iddi pili nikaenda kwao. Wanaume walikaa kwenye jamvi ukumbini, sisi wanawake karibu na mlango wa uani. Mdogo wangu akaleta sinia ya pilau, kawa juu. Mmoja wa wageni akasema, “Leo mwandishi tunaye hapa. Hebu tuigizie!” Wote wakashangilia, kwa maana shemeji alijulikana kijiji kizima kwa kumwiga yule mume wangu wa kwenye tivii. Hakukaidi. Alisimama, akasukuma kofia upande, akaonja pilau, akakunja uso kama anayemeza shubiri. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshika tumbo kwa kicheko. Shemeji akanyanyua kawa, akalitupa, akapiga makofi matatu, akasema, “Kawa lako hilo, mlango ule pale!”

Watu wakavunjika mbavu. Akanigeukia. “Shemegi, nimepatia?”

Nami, mwandishi mkubwa, sikupendezwa kuona maneno yangu yamepunguzwa. “Hujapatia,” nikamwambia. “Umeruka neno. Anza na talaka zako tatu, ndipo lichekeshe.”

Alisita. Namwona mpaka leo alivyosita. Wageni wakaanza kupiga makofi, “Haya! Haya!” Akamtazama mkewe, mkewe anacheka, nami nacheka, akasema yote kama nilivyoyaandika.

Ambaye hakucheka ni baba mdogo wa shemeji, mtu wa msikitini. Alirudisha tonge kwenye sinia. “Umetamka,” akasema. “Mbele ya watu wote hawa, umetamka.”

Kesho yake tulikwenda mjini kwa shehe, sote watatu. Shehe alimwuliza shemeji swali moja tu: alitamka au hakutamka? Shemeji akajibu kwamba alitamka, lakini kwa mzaha, na akaanza kulia. “Talaka haina mzaha, mwanangu,” shehe alisema, na naye sauti yake haikuwa nzuri. Tatu zimekwisha. Mke harudiwi mpaka aolewe na mwengine, ndoa ya kweli, na aachike huko. Tulimwendea shehe wa pili, akasema yale yale. Mimi nilitaka twende kwa wa tatu. Mdogo wangu akakataa. Alisema hawezi kulala kitanda kimoja na shaka.

Sasa yuko kwangu, eda imeisha, na hataki kusikia habari ya mume mwengine. Mwezi uliopita wamerudia tena mchezo wangu kwenye televisheni. Jirani alikuwa anautazama, nasi tulisikia kicheko chake dirishani. Nikaanza kumwomba radhi, kwa mara sijui ya ngapi, nikisema sikujua, nilidhani mumewe amesahau neno.

“Hajasahau,” mdogo wangu alisema. “Nyumbani akiigiza kila siku, na lile neno la talaka halitii mdomoni. Akipiga makofi matatu, basi. Nkamuuliza kwa nini, akanambia, ‘Mke wangu, mchezo wenyewe ndio huo unaosema: neno hili si la kuchezea.’ Nlidhani nawe waona, dada. Si wewe uliyeandika?”

Kisiwa kizima, huyo ndiye mtu mmoja aliyenielewa. Na ndiye niliyemsahihisha.