Sahihi za Mtaa Wetu

Nyumba tuliyokaa mimi na mama pale Thika ilikuwa chumba kimoja cha matofali, katika mtaa wa kukodisha uliojengwa na halmashauri ya zamani, karibu na soko. Paa lilivuja na choo kilikuwa cha safu nzima, lakini mama aliipenda. Aliingia humo alipoajiriwa kiwandani kufunga mikebe, akanizaa humo, akastaafu humo.

Ilipotangazwa kwamba serikali imetenga pesa za kubomoa mtaa na kujenga magorofa, nilifurahi kuliko mtu yeyote. Nilikuwa karani wa kamati ya wapangaji, kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka. Mwakilishi wetu wa wadi akaitisha mkutano ukumbini, akaniomba nipitishe karatasi ya mahudhurio. Aliyetia sahihi alipewa soda na mkate.

Jirani yetu, mjane mzee tuliyemwita Cucu, kama anavyoitwa nyanya kwa Kikuyu, alikataa kushika kalamu.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kuonyesha umekuja, Cucu."

"Na kama mimi sitaki wabomoe?"

"Hiyo utasema wakikuuliza. Hii ni ya soda tu."

Akanitazama kidogo, kisha akatia sahihi polepole, herufi moja moja.

Mkutano ulipofunguliwa aliinua mkono akauliza kama tutarudishwa magorofa yakiisha. Mwakilishi akatabasamu. "Nyinyi ndio mtaingia wa kwanza, mama." Tukapiga makofi. Hakuna aliyemwambia aandike maneno hayo mahali, hata mimi niliyekuwa na kalamu.

Miezi michache baadaye, notisi za kuhama zilibandikwa milangoni. Nilienda na wazee wawili wa kamati kwenye ofisi ya mradi kuuliza ile ahadi ya kurudi iko wapi. Afisa akafungua faili na kututolea karatasi zangu. Mbele ya karatasi hizo palikuwa na ukurasa ambao hatukuwahi kuuona, uliopigwa chapa: wapangaji wafuatao wamekubali kuhama bila masharti.

"Huu si mwandiko wako?" akaniuliza.

Ulikuwa wangu. Majina na nambari za nyumba niliandika mimi, kando ya kila sahihi. Mistari nilikuwa nimeipiga kwa rula. Nilieleza kwamba ule ukurasa wa mbele hatuujui. Akafunga faili, akatuambia twende kortini kama hatujaridhika. Wazee walitoka bila kuniongelesha.

Tingatinga lilikuja asubuhi ya siku ya kazi. Mama alisimama ng'ambo ya barabara na sufuria zake ndani ya beseni, hakulia. Tukahamia chumba cha kupanga huku Kiuu. Cucu alichukuliwa na mwanawe akaishi kwake Mugutha.

Nilichelewa kumtembelea. Nilipofika alikuwa kitandani, miguu imevimba. Nilimsimulia habari za ile faili. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua watafanya hivyo?"

"Sikujua, Cucu. Haki ya Mungu."

"Sasa kama hukujua, mbona uliniambia ni ya soda tu?"

Aliniambia ninywe chai kabla haijapoa, nikainywa. Hakumaliza mwaka. Kwenye mazishi nilisimama nyuma, na mmoja wa wale wazee wa kamati akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni mti.

Magorofa yamekamilika. Maombi ya nyumba yalifanywa kwa simu, na waombaji walitakiwa kuweka amana ambayo mtu wa safu yetu hangeweza kuipata. Sijasikia hata mmoja wetu aliyeingia.

Mama huenda kanisa lililo karibu hapa Kiuu. Hukaa benchi la mwisho, maana hajazoeana na mtu. Jumapili iliyopita, akivua kitambaa cha kichwa, aliniuliza kama ninaweza kumpeleka Thika siku moja ayaone hayo magorofa yalivyo.

Nilimwambia wiki hii nina kazi nyingi.